Barua ya wazi kwa Bodi na Menejimenti: msihamishe barua pepe ya kampuni nzima kwa wikendi moja

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,
Mkurugenzi Mtendaji na Menejimenti,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

YAH: KUHAMISHIA BARUA PEPE YA KAMPUNI KWENYE WINGU

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kwa heshima, na tunaandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimeshindikana. Dokezo la kitaalamu liliwasilishwa, likapokelewa, halikujibiwa. Ombi la kikao lilijibiwa kwamba mkataba na mkandarasi wa kuhamishia barua pepe yetu kwenye wingu la Microsoft, yaani seva zake zinazofikiwa kwa intaneti, umeshasainiwa na tarehe haisogei. Jambo hili linamgusa kila mfanyakazi na kila mteja anayeandikiana nasi, na linagusa taarifa za watu ambazo sheria inatutaka tuzilinde. Tumeona lisemwe sasa, kabla madhara hayajatokea.

Kuhama kwenyewe hatukupingi. Seva zetu ni za Exchange 2016, programu ya Microsoft ya kuendeshea barua pepe, na msaada wake kutoka Microsoft uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mnakumbuka Machi 2021, matundu ya usalama kwenye Exchange yalipotangazwa na seva za taasisi nyingi duniani zikavamiwa ndani ya siku chache. Seva isiyopokea tena marekebisho haiwezi kuachwa wazi kwenye intaneti. Tunachopinga ni namna mpango ulivyopangwa: huduma izimwe Ijumaa saa 12 jioni, barua za kampuni nzima zivutwe kwa IMAP (njia ya kawaida ya kusomea barua zilizo kwenye seva), na Jumatatu saa 1 asubuhi kila mtu afungue sanduku jipya. Hakuna kikundi cha majaribio, wala njia ya kurudi nyuma.

Hoja zetu ni hizi.

1. Saa 61 hazitoshi.

Kutoka Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumatatu saa 1 asubuhi ni saa 61. Laini ya megabiti 100 kwa sekunde, hata ikijaa pomoni muda wote huo bila kukatika dakika moja, hubeba takribani terabaiti 2.7. Hakuna laini inayojaa hivyo. Microsoft nao huweka ukomo kwa anayemimina data nyingi kwa mpigo ili wateja wengine wasikwame, na ukomo huo haujui tarehe ya mkataba wetu. Mkipata nusu ya kasi, mmepata terabaiti 1.4 hivi. Kwa kasi hiyo ya nusu, terabaiti 10 za barua zingehitaji zaidi ya usiku 44 wa saa kumi kumi.

Ikilazimishwa, Jumatatu watu watakuta masanduku yenye barua za miaka ya nyuma lakini hayana za mwezi uliopita, au kinyume chake, kutegemea chombo kilianzia folda ipi. Na kwa kuwa wote watagundua saa ileile, dawati la msaada halitaweza kumhudumia yeyote ipasavyo.

Njia inayofaa kampuni kubwa ni ya mseto: seva za zamani na wingu vinaunganishwa, vinaonekana kama mfumo mmoja, na masanduku yanahama kwa makundi. Sanduku hunakiliwa mwenyewe akiendelea kulitumia. Nakala ya kwanza ikikamilika, mfumo hurudi kila baada ya saa 24 kuchukua kilichoongezeka. Usiku wa kulifunga kundi kinachobaki ni kidogo, na mtumiaji huona ujumbe mmoja tu unaomtaka aifunge Outlook, programu ya kusomea barua, na kuifungua tena. Kundi likipata hitilafu, linasimamishwa lenyewe na kampuni inaendelea na kazi.

Maandalizi yake yanajulikana. Seva inayopokea maombi ya kuhamisha iwe na cheti cha usalama kilichotolewa na mamlaka inayotambulika duniani, si kile seva ilichojitengenezea. Mlango wa mtandao namba 443 ufunguliwe kwa anwani za Microsoft. Majina ya kuingilia yalingane na anwani za barua pepe: akaunti ambazo jina lake linaishia na “.local” zirekebishwe kabla ya kusawazisha saraka (orodha ya watumiaji) na wingu, la sivyo wingu litawapa wenye nazo majina yanayoishia na “onmicrosoft.com” na hawataweza kuingia kwa anwani waliyoizoea. Barua zinazozidi megabaiti 150 hazivuki, kwa hiyo orodha yake itolewe mapema ili wenyewe waweke viambatisho pembeni. Zilizoharibika nazo hutajwa kwenye ripoti ya kila sanduku. Anayekiamuru chombo kiziruke zote bila kusoma ripoti anapoteza barua za watu kimyakimya, na hili tunalisisitiza kwa sababu katika mpango uliopo hakuna aliyepewa jukumu la kuzisoma.

2. IMAP inabeba barua na kuacha mengine yote.

IMAP huhamisha barua na folda zake. Haihamishi kalenda, orodha za mawasiliano, kanuni za kupanga barua, wala ruhusa ya mtu kufungua sanduku la mwenzake. Mkandarasi anasema kalenda zitakuja kwa faili za PST, ambazo Outlook huhifadhia barua na kalenda kwenye kompyuta. Maana yake ni fundi kuipitia kompyuta ya kila mfanyakazi, na taarifa za kampuni kuzagaa kwenye diski za kubebwa mkononi. Faili za PST huharibika kwa urahisi zikiwa kubwa au zikifunguliwa kutoka folda ya mtandao, na nenosiri lake halimzuii mtu mwenye nia.

Kuna kasoro nyingine ambayo huonekana siku ya kwanza kabisa. Ndani ya Exchange, wafanyakazi wa kampuni moja hawatambuliwi kwa anwani ya kawaida peke yake. Kila sanduku lina anwani ya ndani ya aina ya X500, na Outlook huikumbuka hiyo unapoandika herufi mbili tatu za jina la mtu. Sanduku jipya likiundwa bila kubeba anwani hiyo, mfanyakazi akijibu barua ya zamani ya mwenzake wa meza ya pili, jibu litamrudia na kosa lenye neno IMCEAEX. Kwenye mseto anwani hii husafiri na mwenyewe. Kwa IMAP lazima ichotwe kutoka seva ya zamani na kupachikwa kwenye kila sanduku jipya. Hatukuona kazi hiyo popote katika ratiba ya mkandarasi.

Hata katika mseto, ruhusa ya kutuma kwa jina la mtu mwingine husumbua pale mmoja anapokuwa kwenye wingu na mwenzake amebaki nyuma. Kwa hiyo katibu muhtasi ahame usiku mmoja na mkurugenzi wake, na sanduku la pamoja la huduma kwa wateja lihame na wote wanaolifungua. Makundi yapangwe kwa kufuata ruhusa hizi. Orodha ya mkandarasi imefuata alfabeti.

3. Rekodi za DNS zimeachwa hadi siku ya mwisho.

Rekodi za DNS ni maelezo ya hadharani kuhusu domeni, yaani jina la kampuni mtandaoni. Rekodi ya MX ndiyo inayoiambia dunia barua zetu zipelekwe wapi. Kama muda wake wa kukumbukwa na seva za nje ni sekunde 86,400, yaani siku nzima, basi baada ya kuibadilisha bado kutakuwa na seva za nje zinazoleta barua kwenye anwani ya zamani hadi siku hiyo iishe. Muda huo ushushwe hadi sekunde 300 siku mbili kabla, na seva ya zamani iendelee kupokea na kusukuma mbele kwa wiki kadhaa. Kuizima Ijumaa ileile, kama mpango unavyotaka, ni kuwafungia mlango wateja walio katikati ya safari. Seva nyingi za nje hujaribu tena kwa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa, lakini mteja anayengoja ankara hana subira hiyo.

Rekodi ya SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina letu, lazima iwe moja tu kwa kila domeni, na isisababishe utafutaji wa DNS zaidi ya mara 10. Sisi tayari tunatuma kupitia mfumo wa masoko, mfumo wa rasilimali watu na mfumo wa ankara. Tukiongeza Microsoft bila kupunguza kingine tunaweza kuvuka ukomo, na SPF nzima ikahesabiwa kuwa batili. Saini za DKIM, zinazothibitisha kwamba barua haikubadilishwa njiani, zinahitaji rekodi mbili za CNAME (za kuelekeza jina moja kwenye jingine), ziwekwe na kuwashwa kabla ya sanduku la kwanza kuhama. DMARC, kanuni ya kusema barua isiyopita ukaguzi huo ifanyweje, ianze kwa kutazama tu, ripoti zisomwe kwa wiki kadhaa, ndipo ikazwe hadi kuzuia. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanadai vyote vitatu kwa anayetuma barua nyingi kwa watumiaji wao, na kwa Google huyo ni anayetuma 5,000 au zaidi kwa siku. Tukikosea hapa ankara zetu zitaangukia kwenye spamu, au zitakataliwa kabisa.

4. Mashine na mifumo inayotuma bila mtu hazimo kwenye orodha.

Mashine za fotokopi zinazotuma skani, mfumo wa mishahara unaotuma hati za malipo, vihisi vya joto kwenye chumba cha seva, vifaa vya bakapu, mfumo wa ankara: vyote leo vinatuma kupitia seva ya ndani, mlango wa 25, bila nenosiri. Siku seva hiyo ikizimwa vitanyamaza, na kwa kuwa hakuna mtu anayevitumia kama sanduku, ukimya wake unaweza kugundulika mwisho wa mwezi.

Wingu lina masharti yake. Kifaa kinachoingia kwa jina na nenosiri kitumie mlango wa 587 na TLS 1.2 (toleo la usimbaji wa mawasiliano), mashine nyingi za zamani hazifiki hapo hata zikisasishwa, na Microsoft wenyewe wameshatangaza kuachana na uingiaji wa nenosiri tupu. Kupitisha kwa kiunganishi, yaani bila nenosiri, kunahitaji anwani ya IP ya umma isiyobadilika au cheti cha usalama, na matawi yetu kadhaa hayana. Kisha kuna ukomo wa kutuma: sanduku moja haliruhusiwi kupita barua 30 kwa dakika wala wapokeaji 10,000 kwa siku. Ankara 9,000 kwa mwendo huo ni saa tano, na zikiongezewa kumbusho la deni siku ileile sanduku linafungwa. Kazi ya namna hii inahitaji huduma maalumu ya kutuma kwa wingi, au seva ndogo ya kupitishia inayobaki ndani.

Ukaguzi wake si mgumu. Kumbukumbu za viunganishi vya seva ya sasa ziwashwe kwa siku 35, ili mwezi mzima wa malipo na ufungaji wa hesabu uonekane, kisha kila anwani ya IP iliyotuma itafutiwe mwenyewe. Hatuoni sababu ya kazi hii kutofanyika, maana haigharimu chochote isipokuwa muda.

5. Matawi na mkongo wa baharini.

Kwa njia ya mkandarasi, kila Outlook itaanza wasifu mpya na kupakua sanduku upya. Chukueni tawi la watu 60 wenye gigabaiti 5 kila mmoja, kwenye laini ya megabiti 20: ni gigabaiti 300, zaidi ya saa 33 za laini nzima bila mtu kufanya kazi nyingine yoyote. Mwanza na Mbeya zitasimama hadi Jumatano. Mseto huepusha sehemu kubwa ya mzigo huu kwa kuwa faili la Outlook lililopo huendelea kutumika. Kwa watakaolazimika kupakua upya, Outlook ipangwe ihifadhi miezi mitatu tu kwenye kompyuta. Njia ya kwenda Microsoft nayo itolewe kwenye proksi (seva inayopitishia mawasiliano ya intaneti) na kwenye kifaa kinachofungua na kukagua mawasiliano yaliyosimbwa, kama Microsoft wenyewe wanavyoelekeza, maana huko ndiko Outlook hukwama ikionyesha “inajaribu kuunganisha” siku nzima.

Zito zaidi ni hili. Leo barua ya kutoka ghorofa ya pili kwenda ya tatu haitoki nje ya jengo. Baada ya kuhama, itavuka bahari na kurudi. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika kwa pamoja upande wa kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kampuni zilizokuwa na watoa huduma wawili waliokodi mkongo uleule hazikupata nafuu. Tunataka watoa huduma wetu waeleze kwa maandishi barua zetu zinapita mkongo gani, na laini ya pili ipite njia tofauti kweli, kwa mfano kupitia Mombasa kwenye mkongo wa TEAMS unaoelekea Fujairah.

6. Funguo za akaunti ziko kwa mkandarasi.

Akaunti ya kampuni kwenye wingu imefunguliwa na mkandarasi, kwa mtumiaji wake, na msimamizi mkuu ni yeye. Katika kampuni yenyewe hakuna hata mmoja mwenye mamlaka hayo. Maana yake ni kwamba mtu wa nje anaweza kufungua sanduku la Mwenyekiti, na tukigombana naye kuhusu malipo hatuna mlango wa kuingilia kwetu. Pia nchi ya akaunti huchaguliwa siku ya kuifungua na haibadiliki baadaye, nayo ndiyo inayoamua data ikae wapi. Tumeuliza ilichaguliwa nchi gani. Hatujajibiwa.

7. Uthibitishaji wa hatua mbili umewekwa “awamu ya pili”.

Sanduku lililo kwenye wingu linafikiwa kutoka popote duniani kwa nenosiri. Kulihamisha kwanza na kuliwekea kinga baadaye ni kuwaalika matapeli wanaobadilisha namba za akaunti kwenye ankara. Kinga itangulie: nenosiri lifuatwe na uthibitisho wa pili. Wenye simu janja watumie programu. Wenye kitochi wapewe namba kwa ujumbe mfupi, ambayo ni dhaifu zaidi lakini inazidi kukosa kabisa. Walioko maghalani ambako mtandao wa simu haushiki wapewe ufunguo wa USB. Kompyuta zenye Office 2013 na matoleo ya nyuma zaidi ziwekewe toleo jipya, kwa kuwa njia ya zamani ya kuingia ilianza kuzimwa Oktoba 2022.

8. Sheria na kumbukumbu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na Tume ya kuisimamia ipo. Ofisi zetu za Nairobi na Kampala zina sheria zao za mwaka 2019. Barua za idara ya rasilimali watu zina vyeti vya hospitali, namba za NIDA na mishahara. Hatujaona barua ya Mwanasheria wa kampuni juu ya suala hili.

Kumbukumbu nazo zina hatari yake: mfanyakazi akiondoka na leseni yake ikatolewa, sanduku lake hufutika baada ya siku 30 kama halikugeuzwa kuwa la pamoja au kuwekewa zuio la kisheria. Barua iliyofutwa na kuondolewa kwenye takataka hubaki siku 14, au 30 tukiongeza wenyewe. Mkaguzi akija kutafuta barua ya mwaka jana, Microsoft hawana jukumu la kuturudishia.

Tunajua majibu yanayoweza kutolewa. Kwamba kampuni nyingine ilihama kwa wikendi: inawezekana kabisa kwa ofisi moja ya watu wachache wenye masanduku madogo. Kwamba Microsoft inalinda kila kitu: mwaka 2023 wavamizi walitumia ufunguo ulioibwa kwa Microsoft yenyewe kusoma barua za taasisi zikiwemo za serikali ya Marekani, na walinzi wa mlango wetu bado tutakuwa sisi. Kwamba kuchelewa kunaongeza hatari ya seva za zamani: ni kweli, na ndiyo maana tumependekeza tangu mwanzo mlango wake ufungwe kwa umma sasa hivi, barua zipitie kichujio cha wingu, na wa nje waingie kwa VPN (njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa kampuni), kazi ya wiki moja. Kwamba leseni zimeshaanza kulipiwa kwa dola: zinunuliwe kwa makundi, kwa kadiri watu wanavyohama.

Kwa hiyo tunaiomba Bodi ielekeze yafuatayo.

Kwanza, tarehe ya wikendi moja ifutwe na mkandarasi atakiwe kuwasilisha upya mpango wa mseto wenye njia ya kurudi nyuma kwa kila kundi. Kundi la kwanza liwe Kitengo cha TEHAMA, la pili tawi moja dogo kwa wiki mbili kamili, na lolote lisihamishwe siku tano kabla au baada ya kufunga hesabu za mwezi.

Pili, ndani ya siku saba mamlaka ya msimamizi mkuu yakabidhiwe kwa kampuni. Ziundwe akaunti mbili za dharura ambazo maneno yake ya siri yatafungiwa kwenye sefu, na mkandarasi abaki na ruhusa za kazi yake tu, zenye tarehe ya kuisha.

Tatu, hakuna sanduku litakalohama kabla ya uthibitishaji wa hatua mbili, ukaguzi wa siku 35 wa mashine zinazotuma, SPF na DKIM zilizojaribiwa, na maoni ya Mwanasheria kwa maandishi.

Nne, laini ya pili ya makao makuu ithibitishwe kwa kuizima ya kwanza mchana wa kazi, mbele ya Mkaguzi wa Ndani.

Tano, itengwe bajeti ya bakapu huru ya masanduku, nje ya Microsoft, na jaribio la kurejesha sanduku moja lifanyike kila robo mwaka.

Tuko tayari kuja mbele ya Bodi siku yoyote na kumbukumbu za seva, michoro ya mtandao na hesabu zote tulizozitaja, ili zipimwe na mtaalamu yeyote ambaye Bodi itamteua.

Wenu katika utumishi,

Wasimamizi wa mifumo, wasimamizi wa mtandao na mafundi wa dawati la msaada,
Kitengo cha TEHAMA.

Nakala:
Mkuu wa Ukaguzi wa Ndani,
Mwanasheria wa Kampuni,
Ofisa Ulinzi wa Taarifa Binafsi,
Chama cha Wafanyakazi, tawi la makao makuu.